Hesabu Inayobaki Umeme Ukikatika

Waliotumia redio kaseti wanaikumbuka kaunta yake: kando ya mlango wa kaseti, kidirisha chenye tarakimu tatu, na karibu yake kitufe cha kuzirudisha 000. Wapenzi wa taarabu waliandika kwenye karatasi ya kaseti kwamba wimbo fulani unaanzia 147, wasipate tabu ya kuutafuta. Namba hizo hazikuwa dakika. Mkanda mwembamba wa mpira uliunganisha kidirisha na gurudumu linalokusanya utepe, kwa hiyo kilichohesabiwa ni mizunguko. Mwanzoni namba zilikimbia, na utepe ulipozidi kujaa zikapunguza mwendo. Mimi ni fundi redio, na kaunta hii ndogo naipenda kuliko spea yoyote ninayoitoa kwenye mashine iliyokufa. Historia yake ni ndefu kuliko ya redio yenyewe.

Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, alieleza gari la kupimia njia. Gurudumu lenye kipenyo cha futi nne likizunguka mara 400 limemaliza maili moja ya Kirumi, na hapo gia huangusha kijiwe kimoja ndani ya chombo cha shaba. Safari ikiisha, msafiri anahesabu vijiwe vyake. Mashine ilipima, kuhesabu kukabaki kazi ya mtu.

Ugumu wa kuhesabu kwa magurudumu uko pale 9 inaporudi 0, kwa sababu gurudumu la jirani lazima lisogee hatua moja wakati huohuo. Mwaka 1642, mjini Rouen, Ufaransa, Blaise Pascal, kijana ambaye hajafika miaka 20, alianza kutengeneza mashine ya kumsaidia baba yake hesabu za kodi. Alikutana na tatizo analolijua kila aliyeshika kaunta: kwenye 9999 magurudumu yote yanataka kusogea pamoja, na nguvu inayotosha kusukuma moja haitoshi kusukuma manne na zaidi. Pascal alitumia vyuma vyenye uzito, vikiinuliwa kidogo kidogo gurudumu linapoelekea 9, kisha vikianguka na kulisukuma la jirani.

Mwishoni mwa karne ya 19 kaunta iliingia barabarani. Mwaka 1895 Curtis Veeder wa Hartford, Connecticut, Marekani, alianza kuuza ya baiskeli: pini iliyofungwa kwenye spoki iligonga kigurudumu chenye meno kila tairi lilipozunguka, na umbali ukasomeka kwa tarakimu. Mwaka 1928 kampuni yake iliungana na ya Root, ikawa Veeder-Root, na kaunta zenye jina hilo zikaja kuhesabu mafuta na bei yake ndani ya pampu za vituo vya petroli.

Kwa sisi wa umeme, hatua kubwa ni pale koili iliposhika nafasi ya pini. Kwenye ekschenji za simu za Uingereza kila mteja alikuwa na kaunta yake ya koili. Tarehe 5 Desemba 1958, Malkia Elizabeth II alipiga simu kutoka Bristol hadi Edinburgh bila kupitia kwa opereta, akizindua huduma iliyotegemea kaunta hizo: kadiri mji ulivyokuwa mbali, mapigo ya umeme yalikuja kwa kasi zaidi, na kila pigo liliongeza moja kwenye bili.

Koili nayo ina kikomo; nyingi humudu kama mapigo 10 kwa sekunde. Katika maabara ya Cavendish, Cambridge, C. E. Wynn-Williams alitaka kuhesabu chembe za mionzi zinazokuja haraka kuliko chuma kinavyoweza kusogea. Mwaka 1932 alieleza saketi ya valvu za gesi ziitwazo thairatroni, zilizopangwa mbili mbili. Kila jozi ilipitisha pigo moja katika kila mawili, mpaka yaliyofika kwenye kaunta yakawa machache kiasi cha kuhesabika. Hesabu za kielektroniki zilianza kwa kuitumikia kaunta ya magurudumu.

Mezani kwangu kanuni hizo zote zingali hai. Kaunta nazitoa kwenye fotokopi kuukuu, mashine za michezo ya sarafu na deki za kaseti. Ukifungua kifuniko cha zile nzuri utakuta kila gurudumu lina meno 20 upande mmoja, na upande wa pili ukingo laini wenye meno mawili tu. Kati ya gurudumu na jirani yake kuna kigia kidogo. Ukingo laini unakizuia kisizunguke. Tarakimu inapotoka 9 kwenda 0, yale meno mawili hukinasa, nacho husogeza jirani hatua moja kamili, kisha kinafungwa tena.

Ndiyo maana kaunta naijaribia kwenye 9999. Ya volti 24 ukiipa 12 inaweza kuhesabu moja moja vizuri, ikakwama hapo. Naiendesha kwa transista, na sambamba na koili nafunga dayodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea chanya, kwa sababu umeme ukikatwa koili hurusha volti kubwa zinazoua transista.

Moja nimeifunga kwenye pampu ya maji ya nyumbani, inahesabu kila pampu inapowaka. Namba ikipanda na hakuna aliyefungua bomba, najua kuna mahali panavuja. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi namba iko palepale, kama ilivyokuwa kwenye mita za umeme za sahani inayozunguka kabla ya LUKU, mita za kulipia kabla, kuzoeleka.

Chipu nazo hutunza namba bila umeme, na ninazitumia. Kuisoma namba hiyo, hata hivyo, kunahitaji skrini, programu na umeme. Namba ya gurudumu inasomwa na yeyote ajuaye tarakimu, bila kumwita fundi. Pale ambapo watu wawili wanadaiana kwa hesabu, iwe ya maji, mafuta au nakala, wote wawili wana haki ya kuiona kwa macho yao. Vijana wanaojifunza kwangu nawaambia: kabla fotokopi haijaenda kwa muuza vyuma chakavu, toeni kaunta yake, ijaribuni kwenye 9999, ifungieni dayodi, kisha ihesabu kitu ambacho nyumbani kwenu mnakigombania.