Kwa nini galaksi hazimalizi gesi inayozaa nyota?

Njia Nyeupe, galaksi lilimo Jua letu, huzaa kila mwaka nyota ambazo uzito wake kwa jumla unakaribia ule wa Jua moja au mawili. Kiwango hicho kidogo kimewapa wanaastronomia mafumbo mawili. Kama mvutano ungetenda kazi peke yake, gesi baridi ingeporomoka na kugeuka nyota kwa kasi kubwa zaidi. Hata kwa kasi iliyopo, akiba ya gesi hiyo ingekwisha katika miaka bilioni chache, ilhali galaksi hii imezaa nyota kwa zaidi ya miaka bilioni 10.

Gesi hiyo ni nini?

Anga iliyo baina ya nyota si tupu. Imejaa gesi, hasa hidrojeni na heli, pamoja na vumbi lisilozidi sana asilimia 1 ya uzito wake. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu mazito yenye baridi ya takriban nyuzi 260 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwaka 1902, Mwingereza James Jeans alionyesha kuwa wingu huporomoka pale mvutano wa uzito wake unapoushinda msukumo wa joto lake.

Mwaka 1959, Mholanzi Maarten Schmidt alihusisha wingi wa gesi na kasi ya kuzaliwa kwa nyota. Mmarekani Robert Kennicutt aliipima kanuni hiyo katika galaksi nyingi mwaka 1998: msongamano wa gesi ukiongezeka maradufu, kasi hiyo hupanda takriban mara 2.6.

Kompyuta zinaeleza nini?

Watafiti huigawa galaksi katika vipande vingi, kisha kompyuta kuu hukokotoa mwendo, joto na mvutano wa kila kipande. Modeli za awali zilizaa nyota kupita kiasi. Kilichopungua ni athari ya nyota zenyewe: mnururisho na pepo za nyota kubwa, pamoja na milipuko ya supanova, huipasha gesi joto, huitawanya na hata kuitupa nje ya galaksi. Athari hizo zilipojumuishwa, modeli zilikaribia hali halisi.

Fumbo la pili huelekeza macho nje: sharti gesi mpya iingie. Darubini ya redio ya MeerKAT nchini Afrika Kusini, yenye antena 64 na iliyozinduliwa mwaka 2018, hunasa mawimbi ya hidrojeni yenye urefu wa sentimita 21. Mradi wake wa MHONGOOSE unachunguza galaksi 30 za jirani ili kuitafuta gesi hiyo hafifu. MeerKAT itaunganishwa na darubini kubwa zaidi ya SKA, ambayo Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wake barani Afrika.

Galaksi inayokosa gesi mpya haitoweki. Huacha kuzaa, nyota zake kubwa za samawati hufa mapema, na hubakia nyota nyekundu zilizozeeka.