Ukuta wa Jirani: Nyumba za Mawe za Lamu

Mji wa Lamu, ambao mwaka 2001 ulitiwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia, aghalabu husifiwa kwa milango yake ya nakshi, kwa kuwa mlango ndio uonwao na mpita njia. Lakini atakaye kujua nyumba hizi, ambazo nyingi zao ni za karne ya 18, zilidumu vipi, na kwa nini baadhi yake zinabomoka machoni petu, yampasa auache mlango na auangalie ukuta.

Ukuta huo ni wa mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, yakanyunyiziwa maji hata yakawa unga, kisha yakachanganywa na mchanga. Jiwe na chokaa, basi, asili yao ni moja: vyote viwili hunywa maji wakati wa masika, na vyote viwili huyatoa jua likirudi. Juu ya kuta hizo hulazwa boriti za mikoko, na madhali boriti haifiki mbali, vyumba vya Lamu vikawa virefu na vyembamba, upana wake usizidi sana mita 3. Mti wa pwani ndio uliokata shauri la chumba kabla ya tajiri aliyekilipia.

Aingiaye hupita daka, penye baraza za mawe za kuketi wageni, kisha tekani, iliyopindwa makusudi ili jicho la mtaani lisifike ndani, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa mbingu, na misana miwili, yaani kumbi ndefu, wa tini na wa yuu, hata afike chumba kiitwacho ndani, ambamo ukuta mzima umepambwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kwa safu, kila kimoja na upinde wake. Ukisogeza uso karibu utaona kingo za zidaka zimeviringika na nakshi imejaa, kwa sababu ya chokaa iliyopakwa juu ya chokaa kwa vizazi. Nami sioni haja ya kuikwangua.

Wala nyumba hizi hazikujengwa kila moja peke yake. Baba alipoozesha binti alimjengea ubavuni mwa nyumba ya mamake au juu yake, kuta zikawa za shirika. Na mara nyingine chumba kiitwacho wikio kilirushwa juu ya njia kuunga nyumba za jamaa, ili wanawake wapate kuamkiana kwa sitara bila ya kushuka mtaani.

Katika ushirika huo ndipo saruji ilipotia fitina. Ikipakwa juu ya matumbawe, huufungia unyevu ndani, chumvi ikakusanyika nyuma yake, na baada ya miaka lipu huanguka mabamba kwa mabamba, ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Unyevu uliozibiwa njia upande mmoja huitafuta upande wa pili, hata jirani asiyenunua mfuko mmoja wa saruji akaona zidaka zake zinabambuka.

Ugomvi huu hauko Lamu tu. Huko Uingereza, William Morris aliasisi mwaka 1877 jumuiya ya kuyahami majengo ya kale, akishikilia kwamba yakarabatiwe wala yasigeuzwe. Na vijumba vya kale vya huko, vile vilivyojengwa viwili viwili kwa ukuta mmoja, navyo vimeonja taabu ya saruji juu ya chokaa. Kwetu, Usam Ghaidan alichapisha kitabu chake juu ya mji huu mwaka 1975, na mpango wa hifadhi wa Francesco Siravo ukatoka mwaka 1986. Ilimu, basi, haikukosekana.

Kwa hiyo ewe mwenye nyumba, kabla hujaagiza saruji, mtafute mwashi ajuaye chokaa, na umbishie hodi jirani wa nyuma ya ukuta mshauriane, kwani ukuta huo ni wake pia.