Koo Awikaye: Jinsi Siri ya Ovari Ilivyofunuliwa

Katika mwaka 1474, mjini Basel, jogoo aliyetuhumiwa kutaga yai alihukumiwa, akachomwa moto pamoja na yai lenyewe, kwa kuwa watu wa zama zile waliitakidi kwamba yai la jogoo huangua joka ambalo kutazama kwake huua. Wala hapakuwa na aliyefahamu ni kitu gani mwilini kimfanyacho kuku huyu awike na yule atage.

Nuru ya kwanza ilitoka Göttingen, Ujerumani, ambako mwaka 1849 Arnold Berthold alieleza kwamba mapora aliowahasi panga zao zilinywea, wakaacha ujogoo, lakini wale aliowapandikizia korodani tumboni, mbali na mahali pake pa asili, walikua wakawika na kupigana kama kawaida. Akakata shauri kwamba amri ya korodani husafiri katika damu.

Siri ya ovari, kiungo cha mayai, ilibaki imesitirika mpaka H. D. Goodale, Mmarekani, alipochapisha mwaka 1916 habari za makoo aliowatoa ovari, ambayo kwa kuku mtagaji ni moja tu, ya ubavu wa kushoto: manyoya mapya yalipoota, yalikuwa marefu, yenye kumetameta, manyoya ya jogoo khasa. Hapo dhana ya kale kwamba korodani ndizo zimpazo jogoo manyoya yake ilipinduka, kwani jogoo aliyehasiwa naye huyahifadhi manyoya hayo. Kumbe ni ovari, kwa homoni yake, imvikayo koo vazi lake la staha. Na mwaka 1923, F. A. E. Crew wa Edinburgh alisimulia juu ya koo aliyekwisha kutaga, kisha akawika, hata akawa baba wa vifaranga wawili. Alipopasuliwa, ovari ilionekana imeharibiwa na maradhi, na korodani zimeota.

Leo twajua kwamba estrojeni, homoni hiyo ya ovari, huliamuru ini litengeneze malighafi ya kiini cha yai, na huiwekea mifupa akiba ya chokaa ya kujengea ganda. Na projesteroni, homoni nyingine, itokayo katika kifuko cha kiini kilicho kikubwa kuliko vyote ndani ya ovari, huuhimiza ubongo utoe ishara ya kukiachilia kiini.

Basi ewe mfugaji, koo wako akiwika, usimdhanie uchawi wala usimwendee mganga. Yamkini ovari yake imeugua, naye anastahili kutazamwa na daktari wa mifugo.