Upimaji wa damu ya msuli wa moyo kwa dawa nururifu

Upimaji wa damu ya msuli wa moyo kwa dawa nururifu ni uchunguzi unaoonyesha sehemu za msuli huo zisizopata damu ya kutosha. Ubora wake ni kwamba unapima damu inayoufikia msuli wenyewe, si upana wa mshipa tu, na mambo hayo mawili hayaendi sambamba. Mwaka 1974 K. Lance Gould na wenzake walionyesha, kwa majaribio ya mbwa, kwamba kipenyo cha mshipa wa moyo kinaweza kupungua kwa takriban asilimia 85 kabla damu haijapungua mwili ukiwa umetulia. Moyo ukihitaji damu nyingi, upungufu huanza kipenyo kikipungua kwa karibu nusu tu. Ndiyo maana picha hupigwa mara mbili: mgonjwa akiwa amepumzika, na tena baada ya kutembea kwa kasi kwenye mashine ya mazoezi au kupewa adenosini inayotanua mishipa. Kwa kuwa kafeini huipinga adenosini, chai na kahawa huachwa tangu siku moja kabla. Dawa nururifu, sestamibi yenye teknesiamu-99m, hudungwa mshipani, ikaingia katika seli za msuli kwa kadiri damu inavyozifikia, na kamera ya gama husoma miali yake. Doa hafifu la wakati wa mazoezi linalotoweka wakati wa mapumziko huashiria msuli ulio hai lakini unaokosa damu. Likibaki katika picha zote mbili, mara nyingi ni kovu.

Wapo wanaoupinga, na hoja zao si za kubeza. Kamera hulinganisha sehemu za moyo mmoja, hivyo mishipa mikuu yote mitatu ikiziba kwa kiasi kilekile, picha huweza kuonekana safi. Kasoro hiyo hupungua sana kwa PETI, skani nyingine ya dawa nururifu inayotumia rubidi-82 na kukadiria mililita za damu kwa kila gramu ya msuli. Hoja nzito zaidi ni utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020: kati ya wagonjwa 5,179 ambao vipimo vilionyesha moyo wao unakosa damu, upasuaji au kuzibua mishipa mapema hakukupunguza vifo kuliko dawa. Lakini utafiti huo ulipima tiba, si picha. Na wenye maumivu ya kifua walipata nafuu zaidi kwa upasuaji au kuzibuliwa mishipa. Mionzi nayo ipo, kwa hiyo asiye na dalili wala hatari kubwa hapaswi kupelekwa kwenye kipimo hiki.