Coulomb au Cavendish? Njia Mbili za Kuifikia Kanuni ya Kani za Umemetuamo, 1766–1879

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna kanuni ya kani baina ya chaji mbili za umemetuamo ilivyopatikana katika karne ya 18. Kanuni hiyo hueleza kwamba kani hulingana na zao la chaji hizo na hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali ulio kati yake. Umbali ukiwa maradufu, kani hubaki robo. Ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Vitabu vya kiada huipa kanuni hii jina la Charles-Augustin de Coulomb na kuitaja kuwa ya mwaka 1785. Hata hivyo, Henry Cavendish wa Uingereza alikwisha kuithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1770, kwa jaribio ambalo kwa upande wa ukaribu wa matokeo halikuwa duni hata kidogo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali la nani alitangulia halitoshi. Kulikuwa na njia mbili zenye mantiki tofauti, na kila moja ilitoa kitu ambacho nyingine haikuweza kukitoa.

2.0 Usuli wa Tatizo

Wayunani wa kale walijua kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi, na jina la Kiyunani la kaharabu ndilo lililozaa jina la umeme katika lugha nyingi za Ulaya. Neno kaharabu lenyewe, lililoingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, lina asili ya Kiajemi na maana yake ni kinyakuacho makapi. Kiswahili, kwa upande wake, kiliutaja umeme kwa jina la mmweko wa radi. Majina haya mawili, la kaharabu na la radi, yalikuja kukutana katika majaribio ya mwaka 1752 yaliyotokana na mapendekezo ya Benjamin Franklin, yaliyoonesha kwamba radi na cheche ya kioo kilichosuguliwa ni jambo la aina moja.

Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alitenganisha mvuto wa kaharabu na ule wa sumaku, akaonesha kwamba kioo, salfa na vito kadhaa navyo huvuta vikisuguliwa. Mwaka 1729 Stephen Gray, aliyewahi kuwa mtia rangi vitambaa, aligundua kwamba umeme husafiri kwenye uzi wa katani ulioning'inizwa kwa hariri, lakini hupotea uzi huo ukishikiliwa kwa waya wa shaba. Hapo ndipo tofauti baina ya vipitishi na vihami ilipoanza kueleweka. Miaka michache baadaye, mwaka 1733, Charles du Fay alibainisha aina mbili za umeme, wa kioo na wa utomvu: za aina moja husukumana, za aina tofauti huvutana. Franklin alizieleza aina hizo kuwa ziada na upungufu wa kitu kimoja; kwake tumerithi majina ya chaji chanya na chaji hasi.

Kufikia katikati ya karne hiyo, basi, wataalamu walijua ni wakati gani miili huvutana na ni wakati gani husukumana. Hawakujua kani hiyo hupungua kwa kiasi gani miili inapotengana.

3.0 Njia ya Kwanza: Kutovutwa kama Ushahidi

Franklin alikuwa ameona jambo la kushangaza. Kitufe cha kizibo kilichoning'inizwa kwa uzi wa hariri ndani ya kikopo cha fedha chenye chaji hakikuvutwa na kuta za kikopo, ingawa nje kilivutwa kwa nguvu. Joseph Priestley alilirudia jaribio hilo mwishoni mwa mwaka 1766, na katika historia yake ya umeme iliyochapishwa mwaka 1767 akauliza kama mvuto wa umeme haufuati kanuni ileile ya uvutano iliyotolewa na Newton.

Mantiki yake ni hii. Tuchukue nukta yoyote ndani ya tufe lenye uwazi, tuchore pia mbili nyembamba zinazotazamana kutoka kwenye nukta hiyo hadi kwenye ukuta. Eneo la ukuta linalokatwa na kila pia huongezeka kwa mraba wa umbali. Iwapo kani nayo hupungua kwa mraba wa umbali, basi eneo dogo lililo karibu na eneo kubwa lililo mbali hutoa kani sawa zenye mielekeo iliyopingana, nazo hufutana. Kipeo kingekuwa tofauti na 2, mlingano huo ungevunjika.

Hitimisho la Priestley, hata hivyo, lilikuwa na udhaifu. Uthibitisho wa Newton ulihusu tufe, ilhali kikopo si tufe na kina mdomo ulio wazi. Cavendish aliuziba udhaifu huo katika miaka ya 1772–1773. Aliweka tufe lenye kipenyo cha inchi 12.1 ndani ya nusutufe mbili kubwa zaidi kidogo, akaliunganisha nazo kwa waya na kuzitia chaji. Kisha aliondoa waya, akafungua nusutufe na kulipima tufe la ndani. Hakuona chaji yoyote. Hakuishia hapo, bali alitafuta chaji ndogo kabisa ambayo kifaa chake kingeweza kuitambua, na kutokana nayo akakokotoa kwamba kipeo hakiwezi kutofautiana na 2 kwa zaidi ya sehemu moja ya hamsini. Kukadiria kosa kwa namna hiyo kulikuwa jambo adimu katika zama zake.

4.0 Njia ya Pili: Kupima Moja kwa Moja

Coulomb alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyesimamia ujenzi wa ngome huko Martinique kabla ya kurejea kwao mwaka 1772. Mwaka 1784 aliwasilisha utafiti kuhusu msokoto wa nyaya za metali, ukionesha kwamba kani inayorudisha waya uliosokotwa hulingana na pembe ya msokoto. Utafiti huo wa kihandisi ulimpa mizani nyepesi kuliko zote zilizokuwapo.

Katika mizani yake, kitufe chepesi kwenye ncha ya ufito ulioning'inizwa kwa waya mwembamba wa fedha kilisukumwa na kitufe kingine kisichosogea. Vitufe vilipotengana kwa nyuzi 36, msokoto ulikuwa nyuzi 36. Ili kuvisogeza hadi nyuzi 18, msokoto wa jumla ulifika 144, yaani mara nne kamili. Kwa nyuzi 8.5 ulifika 575.5, karibu mara kumi na sita.

Kwa mvuto, mizani hiyo haikufaa sana, kwa kuwa vitufe vilielekea kugusana. Coulomb alitumia mtikisiko badala yake. Katika umbali wa inchi 9, 18 na 24 za Kifaransa, mitikisiko 15 ilichukua sekunde 20, 41 na 60. Kanuni ilitarajia 20, 40 na 54. Tofauti hiyo aliieleza kuwa imetokana na chaji kuvuja hewani.

5.0 Mjadala

Ikiwa kigezo ni tarehe, Cavendish ndiye mshindi. Lakini hakuchapisha jaribio lake. Lilibaki katika maandishi yake hadi James Clerk Maxwell alipoyahariri na kuyatoa mwaka 1879, miaka 69 baada ya kifo cha Cavendish. Kwa kipindi chote hicho halikumsaidia mtafiti yeyote. Nadharia ya hisabati ya umemetuamo aliyoijenga Poisson tangu mwaka 1812 ilisimama juu ya kazi ya Coulomb.

Ikiwa kigezo ni uimara wa matokeo, hali inageuka. Vipimo vya Coulomb ni vichache, na katika miaka ya 1990 Peter Heering, aliyeitengeneza upya mizani hiyo, alishindwa kupata matokeo kama hayo. Mwaka 2006 Alberto Martínez alichapisha marudio yaliyokubaliana na Coulomb. Wakati huohuo, majaribio makali zaidi ya kanuni hii yamefuata njia ya Cavendish: Plimpton na Lawton mwaka 1936, kisha Williams, Faller na Hill mwaka 1971, walioonesha kwamba kipeo hakiachani na 2 hadi kufikia takribani tarakimu ya kumi na sita baada ya nukta.

6.0 Hitimisho

Kutoona chaji ndani ya tufe kulithibitisha kipeo kwa ukali, lakini hakukumwonesha mtu kani yenyewe. Waya uliosokotwa uliionesha kani kwa namba, ingawa kwa ukali mdogo. Jina la Coulomb linastahili kubaki kwenye kanuni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifanya iwe mali ya umma inayoweza kupimwa, kupingwa na kutumiwa. Inapofundishwa kana kwamba ilitokana na mizani ile peke yake, mwanafunzi hunyimwa sababu iliyo imara zaidi ya kuiamini.