Mlima Kenya, 1970: kwa nini ubebe bikoni ya dharura

Kuna vijana wenzangu hapa Gatwekera wanaopanga kupanda Mlima Kenya. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta, wameniuliza: bikoni ya dharura ya nini, na kila mtu ana simu? Simu bila mnara ni tochi tu. Lakini jibu kamili linaanzia mwaka 1970.

Septemba mwaka huo madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian (mita 5,199). Judmaier akaanguka, akavunjika mguu vibaya. Hawakuwa na njia ya kuita mtu. Ikabidi Oelz amwache mwenzake mwambani, ashuke kutafuta msaada. Wapandaji wa Mountain Club of Kenya walihangaika siku kadhaa. Helikopta ikaanguka, na rubani wake Mmarekani, Jim Hastings, akafariki. Waokoaji wengine wakaja kwa ndege kutoka Innsbruck. Judmaier aliteremshwa hai baada ya takriban wiki nzima.

Mwaka 1979 Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilikubaliana kusikiliza vilio vya namna hii kwa setilaiti, ingawa Vita Baridi vilikuwa bado vinaendelea. Mfumo huo ni Cospas-Sarsat. Setilaiti ya kwanza, ya Wasovieti, ilirushwa Juni 1982. Septemba hiyo hiyo ikasaidia kuokoa watu watatu walioanguka na ndege ndogo huko Kanada.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Bikoni ikiwashwa hutuma mawimbi ya MHz 406 kwa nusu sekunde, kila baada ya sekunde 50 hivi. Ujumbe mrefu una biti 144. SMS moja ina biti 1,120, kwa hiyo ni kama herufi 20 tu. Ndani yake mna namba ya bikoni na, kama ina GPS, mahali ulipo. Jina lako halimo! Jina na simu za ndugu zako ziko kwenye hifadhidata ulikoisajili. Usipoisajili, waokoaji hawana wa kumpigia kuuliza mlipitia njia ipi.

Watu wa Gatwekera tunalielewa hili. Nyumba zetu hazina namba. Mgeni anaelekezwa kwa duka na reli. Kabla ya Map Kibera kuanza kuchora mwaka 2009, Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni. Unaweza kupiga kelele ukasikika, na bado usipatikane.

Ila tusidanganyane. Bikoni ingemwezesha Oelz kubaki na mgonjwa wake, lakini mwamba ungekuwa ule ule, na hewa nyepesi ile ile inayozisumbua helikopta. Kwa hiyo ibebeni, isajilini, mwacheni ratiba nyumbani, na kamba na nguo za baridi msizipunguze.