Ndege za Vita na Mabega ya Kariakoo

Katika makumbusho ya ndege huko Ulaya, mjukuu huonyeshwa ndege aliyorusha babu yake, akasoma na jina lake. Hapa Dar es Salaam tumezoea kuamini kuwa urithi huo hautuhusu, kwa kuwa babu zetu hawakuwa marubani. Imani hiyo haina msingi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ndege za vita ziliruka pwani yetu tangu mwisho wa 1914, Waingereza walipoisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye matawi ya mto Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915, rubani John Cull na mwenzake Harold Arnold waliruka kutoka Mafia, wakawaelekeza wapiga mizinga wa meli za Severn na Mersey, na hata ndege yao ilipopigwa ikawa inaanguka, waliendelea kutuma ishara kwa simu ya upepo. Königsberg iliangamia. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa na watu nchi kavu hadi Dar es Salaam, ikatengenezwa na kurudishwa vitani.

Cull na Arnold wanatajwa vitabuni. Waliokokota mizinga hawatajwi. Mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe, kwa hiyo chakula na risasi vilifika mbele vichwani mwa wapagazi. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi ng'ambo ya Mnazi Mmoja ukitokea Mchafukoge, pale panapoitwa Kariakoo hadi leo. Waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa ni makumi ya maelfu.

Atakayesema kubeba mzigo si kurusha ndege, anasema kweli. Lakini jeshi lisilo na chakula halisongi mbele, na ndege hulitumikia jeshi. Wengine watasema majina ya wapagazi hayakuandikwa vya kutosha. Hiyo ni sababu ya kuyatafuta, si ya kuyaacha. Sanamu ya Askari ya 1927 pale Barabara ya Samora inamwonyesha askari mmoja na bunduki yake, ilhali ile ya Nairobi, ya vita hivyohivyo, imempa mpagazi nafasi kati ya watu watatu. Makumbusho ya Taifa yaandike masimulizi ya koo za Kariakoo, Mafia na Rufiji, na mwenye babu aliyebeba mzigo wa vita vile amtaje kwa wajukuu zake kwa jina.